Mafuta Kwenye Breki ya Winchi

Nimesema mpaka mate yamenikauka: breki ya winchi ya mnyororo haitiwi mafuta. Mnyororo paka, ndoano paka. Lakini ndani ya kile kifuniko cha duara kuna sahani zinazobanana, na kubanana kwake ndiko kunakouzuia mzigo usishuke mtu akiachia. Ukizilainisha umeua breki. Hapo kuna ugumu gani?

Ugumu ni mtani wangu. Yeye Mmakua, mimi Mmakonde. Anaendesha lori la kuteremsha korosho kutoka Newala, na katikati ya msimu injini ikamsumbua, akalileta kwenye gereji yangu hapa Masasi. Subira hana hata chembe. Nilikwenda kuswali adhuhuri, nikarudi nikamkuta ameshika kopo la oili chafu, anatabasamu.

"Mnyororo wako ulikuwa unalia kama Mmakonde mwenye njaa," alisema. "Nimeunyamazisha."

Nikadhani kweli ni mnyororo tu. Tukaing'oa injini, tukalisukuma lori nyuma, injini ikabaki inaning'inia. Kabla sijavuta matairi ya kuilaza, bwana mkubwa kajiingiza chini yake, chali, eti aone oili inavujia wapi. Yaani mtu mzima!

Ndipo nikaona matone yakitoka kwenye kifuniko cha breki. Injini ilikuwa inashuka, polepole, bila mtu kuigusa. Niliudaka mnyororo wa kuvutia kwa mikono miwili, ukawa unaniteleza viganjani. Nikiuachia nimvute miguu, imemlalia kifuani.

"Toka! Breki haishiki!"

Akacheka. "Jana nyoka, leo breki. Kesho utasema simba."

Utamlaumu vipi? Miaka yote tunatishana hivyo. Mwaka jana alituma watu nyumbani kwangu na mkeka, wampe pole mke wangu kwa msiba wangu mwenyewe, nami niko chooni naoga. Hukasiriki, ni utani. Nikamtukana, akacheka zaidi. Nikamwapia, akaniuliza kama Wamakonde nao wana Mungu. Nilitaka kulia kwa hasira. Mtu anakufa mbele yangu huku ananicheka!

"Shikamoo, kaka," nikasema. "Nakuomba utoke."

Kicheko kikakatika. Amenizidi umri, lakini sikuwahi kumwamkia hata siku moja. Nikimkuta humuuliza kama bado hajazikwa. Alitoka anatambaa, macho yamemtoka, anataka kujua nani amefariki.

Mnyororo ukaniponyoka. Injini ikatua nyuma ya visigino vyake, ikapasua sakafu.

Akakaa palepale kwenye vumbi, anaitazama. Mimi matusi yalikuwa yamenijaa mdomoni, na safari hii hayakuwa ya utani. Nikainama nimpe yote. Akaniwahi.

"Marahaba," alisema.