Kilimia Nyuma ya Wingu

Sina nguvu za kutunga uongo. Uongo unataka mtu aliyeshiba akalala, na mimi tangu vita vya maji sijalala nikatosheka. Haya ninayokusimulia yalinipata mwenyewe, hapa hapa Umwe. Ukitaka kucheka, cheka. Nimechoka kubishana na watu.

Zamani hatukuwa na haja ya kutazama nyota. Mwalimu Kibwana alituhesabia siku za mwaka kwa kamba ya ukindu, kila siku fundo moja, na siku ya kupanda ikifika alituma neno mpaka Chumbi: tieni mbegu. Mpunga wa bondeni hauna mchezo. Ukiwahi mno, mbegu inaliwa na ndege juu ya ardhi kavu. Ukichelewa, mto unafurika mpunga haujarefuka, basi tena, umezama.

Wakaja askari wa Mdachi wakiwatafuta waliogawa maji ya dawa. Walinikamata njiani, wakataka niwaonyeshe nyumba moja tu. Mwalimu hakugawa maji, alikuwa mzee wa kamba yake na msahafu wake. Lakini nyumba yake ilikuwa karibu, na mimi nilikuwa na watoto watatu. Nikanyoosha kidole. Walimnyonga, wakaichoma nyumba na kamba ndani yake. Hakuna jirani aliyeniona, na mpaka leo hii sijalitamka neno hili mbele ya mtu ila wewe.

Mwaka uliofuata nilibaki na kibuyu kimoja cha mbegu, na hapakuwa na wa kutuambia tupande lini. Ndipo wachache wetu tukaunda chama cha kutazama mbingu. Tulikutana kwenye kichuguu baada ya magharibi, tukikisubiri Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo. Kikionekana kinachomoza mashariki mara tu jua likizama, siku imefika. Wala hatukuwa wajuzi! Alikuwepo Mzee Mtupa, mlina asali, na Bi Mwanahija, mjane wa Mwalimu. Mimi nilijiunga kwa sababu ya njaa. Unadhani ilikuwa rahisi kukaa mkeka mmoja na mama yule? Lakini macho yao yalikuwa yamefifia, yangu mazima, kwa hiyo nikisema bado, ikawa bado.

Tulikuwa na mwiko mmoja: nyota hainyooshewi kidole. Ukiona kitu, unamshika mwenzio mashavu, unamgeuza kichwa taratibu mpaka naye akione.

Jioni saba mfululizo wingu lilitanda mashariki. Ya nane nilitangulia mimi. Mzee Mtupa alikuwa bado anaswali, Bi Mwanahija amelala na homa. Nikatandika mkeka, nikakaa. Mara mikono miwili ikanishika mashavu kutoka nyuma. Ilikuwa ya baridi, na ncha za vidole zilikuwa ngumu kwa kusokota ukindu. Nilimjua kabla hajasema. Mikono ikanigeuza kichwa kidogo, upande wa kushoto, ikakituliza mbele ya wingu.

"Kimeshachomoza, kipo nyuma hapo," akasema, kwa sauti yake ile ya kila mwaka. "Kesho tieni mbegu. Waambie wenzio."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Niamini au usiniamini, mashavu yalibaki baridi mpaka asubuhi.

Mzee Mtupa akaja na fimbo yake. "Vipi leo, mwanangu? Umeona kitu?"

Nikawaza, mtu niliyemuuza ataniletea heri gani? Amekuja kulipiza. Anataka tumwage mbegu vumbini, wanangu wafe kama alivyokufa yeye. Nikasema, "Bado, babu."

Tukangoja siku kumi na mbili. Wingu lilipofunguka, jua ndiyo kwanza limezama, Kilimia tayari kipo juu ya vilele vya minazi. Tukatia mbegu mbio mbio. Mto ulipofurika, mpunga wetu ulikuwa wa magotini. Ukazama wote. Mwanangu wa mwisho hakuuona mchele mpya.

Shamba moja tu lilisimama, la Bi Mwanahija. Alitia mbegu asubuhi ya pili yake, baada ya jioni ile ya nane, na homa yake mwilini. Alipovuna alituita, akanipimia kibaba kwa mkono wake mwenyewe.

"Ulijuaje, mama?" nikamuuliza.

"Mume wangu alinijia jioni ile. Nikamwambia mie mgonjwa, siwezi kwenda kuwaambia watu. Akasema nisihangaike, keshakwambia wewe. Kasema wewe utawaambia." Akaniangalia. "Nikadhani hukumsikia."

"Hakusema lingine?"

"Lingine lipi, baba?"

Mchele wake ulikuwa mikononi mwangu. Nikamwambia hakuna.

Sasa kamba ya mafundo ninaifunga mimi, watu wanasema nina mkono mzuri. Kila mwaka Kilimia kikikaribia ninatangulia kichuguuni, ninakaa peke yangu na kungoja mikono ile. Haijarudi. Nawe unayenisikiliza, siku ukijiwa na mtu uliyemdhulumu, usiupime moyo wake kwa moyo wako. Mimi niliupima hivyo, na kaburi la mwanangu lipo pale nyuma ya kichuguu.