Mabati ya Baba na Wingu la Vuli

Enzi zetu, nyinyi wadogo wa darasa la nne msiojua kitu, mtoto wa Pemba alikuwa akitembea huku anatazama juu. Najua wapo watakaocheka kumsikia mtu wa miaka kumi na saba anasema "enzi zetu". Wacheke. Ndevu zangu ni saba, kila moja naijua kwa jina, lakini nimeshaona mambo ambayo leo hayapo, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kujikohoza na kuhadithia. Nawaandikia wenzangu tuliosoma chuo kimoja cha Kurani, tuliochapwa bakora moja na kuunguza ulimi kwa muhogo wa sufuria moja. Wengine mnaweza kusikiliza dirishani.

Tulitazama juu kwa sababu ya karafuu. Msimu ukifika, kijiji chetu, mwendo wa saa mbili kwa gari ya shamba kutoka Wete, kilikuwa hakina pa kukanyaga. Kila nyumba ilitandika majamvi mbele ya mlango, na juu ya majamvi karafuu zilizochumwa jana, za kijani zenye wekundu kwa mbali, zikigeuka hudhurungi siku baada ya siku. Harufu yake iliingia kwenye wali, kwenye mito ya kulalia, kwenye kanzu ya mwalimu wa chuo. Jioni tulikaa tukichambua, karafuu huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule, vidole vyeusi tii, na Bi Mize jirani yetu, bibi mwenye sauti ya kumwamsha mtu wa kijiji cha pili, akitusimulia majini wa msitu wa Ngezi mpaka tunakwenda chooni watatu watatu.

Tabu ni kwamba karafuu na mvua za vuli huja pamoja. Ndiyo maana palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyewahi kuiitia mkutano. Wa kwanza kuliona wingu alipiga ukelele wa neno moja: "Anua!" Hakutaja karafuu za nani. Kila aliyesikia aliacha alichonacho akakimbilia jamvi lililo karibu naye, liwe lake lisiwe lake, akalikunja na kulitia ndani, kisha la pili, kisha la tatu. Nimemwona mwanamke akianua karafuu za jirani na povu la sabuni kichwani. Nimewaona wazee wawili walionuniana miaka kwa sababu ya mpaka wa shamba wakibeba jamvi moja, huyu upande huu na huyu upande ule, wakalitua, wakapeana migongo, wakaendelea kununiana. Kwetu watoto wingu lilikuwa rehema, maana hata mwalimu wa chuo alitufungulia. Tulikuwa tukiliombea dua kwa siri.

Kisha ukaja msimu mmoja mikarafuu ikazaa kama imetukanwa. Baba yangu, Mzee Khatibu, akaenda Wete amevaa kofia, akarudi amekaa juu ya mzigo.

Alileta baiskeli. Hakujua kuipanda. Kila Ijumaa aliikokota mpaka msikitini, akaiegemeza ukutani, akaswali, akaikokota kuirudisha. Bi Mize akamuuliza njiani, "Khatibu, huyo mnyama wako mpaka lini hajafunzwa kubeba mtu?" Alileta saa ya ukutani, na aliyejua kuisoma nyumbani kwetu ni miye peke yangu, kwa hivyo saa ya chuo ikawa inachelewa sana na saa ya kula inawahi. Alileta viti vinne vya mito, rangi ya zambarau. Mama akavifunika shuka visichakae, na ile shuka akaifunika shuka nyingine isichafuke, na sisi tukakaa chini mkekani kuvitazama. Vikombe vya maua vikaingia kwenye kabati la kioo, na mgeni akawa anakunywa chai kwenye kopo la siku zote huku anaviangalia vikombe kama mtu anayeangalia picha za Maka. Mwisho kikashushwa kinanda cha santuri, cha kutiwa ufunguo kwa mkono, chenye bomba kubwa kama ua la boga.

Vitu vile vilikuja na hofu yao. Kijijini kwetu hakujaibiwa hata kuku, lakini Baba alianza kuamka na kuhesabu vikombe. Akawa anamshuku kila anayepita akasalimu. Mwisho akaizungushia nyumba nzima ua wa mabati, mrefu kuliko yeye, na mlango wa kufuli, ufunguo ameufunga kwenye kikoi. Majamvi yetu yakabaki ndani ya ua, na watu wakabaki nje.

Nami sikuwa bora, tusidanganyane. Nilinunuliwa viatu vyeusi vinavyolia kwi-kwi, na mtu akivaa viatu vinavyolia hata mawazo yake hubadilika. Hamadi, rafiki yangu wa tangu tunatambaa, alikuja siku moja tukarushe tiara. Nikasimama mlangoni nikamwambia, "Pangusa miguu kwanza, ndani kuna vitu." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwi-kwi. "Basi cheza na vitu vyako," akasema, akaenda zake. Tiara lake niliona mkia tu juu ya mabati, kwa muda wa miezi.

Mwaka uliofuata mikarafuu ilipumzika, kama inavyofanya ikishazaa sana. Tulichuma kidogo. Pesa za mwaka uliotangulia zilikuwa sebuleni, zimefunikwa shuka mbili, haziliki. Kwa hivyo chote tutakachokula mpaka msimu mwingine, mchele, nguo, mafuta ya taa, kilikuwa kwenye majamvi sita uani, kimebakisha jua moja kukauka. Na karafuu ikilowa katika hali ile huvunda, ikapauka, na mnunuzi huiangalia kama aliyeletewa kinyesi cha mbuzi.

Siku hiyo, saa tisa mchana, Baba alikuwa anapiga santuri mpya, na alikuwa anaipiga kwa ajili ya kijiji. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, bomba limeelekezwa mabatini ili sauti ipande ivuke. Mimi nimekaa mkekani na viatu vyangu. Ghafla mabati yakaanza kupigwa: ngumi, magongo, mateke.

"Wamekuja," Baba akasema, rangi imemtoka.

"Kina nani?" Mama akauliza.

"Wezi."

"Saa tisa mchana?"

"Wezi wa siku hizi hawachagui saa."

Akalisukuma kabati la kioo mpaka likaziba mlango wa mbele, vikombe vinagongana meno, akachukua pampu ya baiskeli akaishika kama jambia. Akatuapia kwamba atakayegusa mlango si mwanawe wala si mkewe. Hapo kinanda kikaishiwa ufunguo. Mwimbaji akalegea sauti, akasinzia, akanyamaza, na katika ule ukimya nikaisikia sauti ninayoijua kuliko ya mwadhini.

"Anua! Khatibu, anua!"

"Ni Bi Mize," nikasema.

"Wamemkamata," Baba akanong'ona. "Wanamlazimisha aite."

Nikamtazama Mama. Alikuwa amekaa mbele ya mlango wa nyuma, na akavuta mguu wake pembeni, kidogo tu, kiasi cha mtoto kupita. Nikavua viatu, nikapita, nikazunguka mpaka mbele uani.

Nje kulikuwa kumekuwa kiza. Wingu limekaa juu ya nyumba yetu kana kwamba limetumwa, na upepo umeshaanza kurusha karafuu za pembeni. Ufunguo uko kwenye kikoi cha Baba, Baba yuko nyuma ya kabati. Nikashika nguzo ya ua kwa mikono miwili nikapiga kelele, "Sukumeni, miye navuta!"

Upande wa pili nikamsikia Hamadi. "Tupanguse miguu kwanza?"

"Hamadi, yakhe, sukuma bwana."

Kicheko kikapita kule nje, kisha wakasukuma. Nguzo zile zilichimbiwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kutajirika. Ya kwanza ikalala, ikaivuta ya pili, na mabati yote yakaanguka kwa kishindo ambacho radi yenyewe ilinyamaza kukisikiliza. Juu ya mabati kikaingia kijiji: wanawake na kanga zimefungwa kiunoni, watoto wa chuo, wale wazee wawili walionuniana, na Bi Mize mbele yao wote kama jemadari. Walikuwa wameshaanua kwao. Sisi ndio tuliobaki.

Baba akatokea kwa nyuma, pampu juu. Bi Mize akamwangalia. "Khatibu, na hiyo unataka kumtia nani upepo?"

Baba akatazama watu. Akatazama wingu. Akatazama majamvi. Nadhani ndipo alipoona nilichokiona miye, kwamba aliowafungia nje ni hawa tu, na hakuna wengine. Pampu ikamwanguka, akainama akashika pembe ya jamvi la kwanza.

"Tunapeleka wapi?" mtu akauliza, maana ghala yetu ilikuwa imelazwa baiskeli na makasha ya vitu.

Baba alisita. Nawaapia, ule msito ndio mrefu kuliko wote niliouona maishani, na tone la kwanza lilinipiga shingoni ukingali unaendelea.

"Sebuleni," akasema. "Mwageni kwenye viti."

Mama alikuwa ameshazitoa shuka zote mbili na kulirudisha kabati ukutani, kama aliyekuwa anasubiri amri hiyo mwaka mzima. Karafuu zikamwagwa kwenye mito ya zambarau, zikamwagwa mkekani, zikatiwa katika makasha, na Bi Mize akafungua kabati la kioo akajaza kikombe kimoja kimoja mpaka juu. Jamvi la mwisho tulilibeba miye na Hamadi. Tulipovuka kizingiti mbingu ikafunguka nyuma yetu kama mtungi uliopasuka.

Haikulowa hata punje moja. Watu zaidi ya thelathini walisimama sebuleni kwetu na miguu ya tope, wamebanana baina ya viti visivyokalika, wananuka jasho na karafuu, na kila mmoja anacheka kwa sababu mwenzake anacheka. Baba akakimimina kikombe kimoja cha maua mkekani, akakifuta kwa kikoi, akampa Bi Mize chai. Cha pili akampa Hamadi. Hamadi akanywa kidole cha mwisho kimesimama, kama mtoto wa gavana.

Ua haukusimamishwa tena. Bati moja lilikwenda kwenye jiko la Bi Mize, jingine likawa paa la banda la mbuzi wa chuo, mengine sijui yaliko, na Baba hakuuliza. Viatu nilivisahau mlango wa nyuma, nikavikuta asubuhi vimejaa maji, na chura amepanga humo.

Siku hizi ndugu zangu wadogo wana redio za betri za kubeba begani, suruali za kubana zinazovaliwa kwa sabuni, miwani ya jua mpaka chumbani. Ukiwaambia tazama juu, wanakuuliza kuna ndege gani. Sakafu za saruji zimeingia, nyua zimerudi, za matofali safari hii, na wingu likija kila mtu anaanua chake. Wakati mwingine nikirudi likizo huuona upepo unageuka, na koo huniwasha kutaka kupiga ule ukelele.

Lakini msinionee huruma. Nyinyi mnayo redio. Sisi siku ile tulishindana na mvua ya vuli, tukaiacha nje.