Foleni Mbele ya Meza ya Kinanda

Kwetu mtu akiona meza kubwa yenye droo, na nyuma yake kiti kimoja, hupanga foleni kwanza. Kuuliza ni baadaye. Miaka ile ya tisini kila wiki Kibera ilikuwa na mgeni wa kuandikisha watu: leo mbegu, kesho chandarua, keshokutwa chama. Mimi mwenyewe nimewahi kuandikishwa kitu ambacho hadi leo sijui kilikuwa nini. Kwa hivyo sina udhuru.

Nilikuwa na karakana ya mabati Kawangware, upande wa kuelekea Riruta. Kijana mmoja wa Sarang'ombe, kule Kibera, mpiga kinanda wa kwaya mbili tatu za makanisa, aliniletea meza ya mvule aliyoinunua kwenye mnada wa ofisi. Alitaka niigeuze iwe ya kurekodia muziki nyumbani kwake. Lakini si kwaya alizotaka kurekodi. Baba yake alikuwa mpiga nyatiti, kile kinubi cha nyuzi nane cha Wajaluo, na alijua nyimbo za ukoo wao ambazo hakuna mwingine aliyebaki kuzijua. Mzee alikuwa mgonjwa wa kifua, na angekuja kutoka nyumbani kijijini kwa wiki moja tu.

"Fundi, nikimkosa safari hii, nimemkosa," aliniambia.

Kazi yenyewe ilieleweka. Droo ya kati itoke, mahali pake pawe na ubao wa kuvuta wa kuwekea kinanda. Juu iwe rafu ya spika na mashine ya kaseti, na kando shimo la nyaya. Halafu ule ubao wa mbele, ule unaoficha magoti ya bosi, ukatwe wote, kwa sababu mpiga nyatiti huketi chini kabisa na kijana alitaka amwone baba yake akipiga. Hayo mengine niliyafanya kwa moyo. Ule wa mbele nikakataa. Ulikuwa na nakshi, na nilikuwa nimeupiga msasa siku mbili nzima na vanishi mara tatu! Nilimwambia fundi wa kweli haharibu ubao kama huo, na akiona vibaya asimame. Kilikuwa kiburi kitupu, na nakisema wazi.

Tuliipeleka kwa mkokoteni, imetangulia uso, inang'aa. Kabla hatujaishusha mlangoni kwake, wanawake wawili walikuwa wameshauliza ni nini kinaandikishwa. Tukacheka sana. Asubuhi yake walikuwa watano. Mmoja alitaka barua ya kumwombea mtoto nafasi ya shule, na kijana, kwa kuwa alikuwa amemaliza kidato cha nne, akamwandikia. Mama akashukuru, akamwita mkubwa.

Hapo ndipo alipoharibika. Waswahili husema maskini akipata matako hulia mbwata.

Baada ya siku kama tano hivi aliniita, maana mvua ilikuwa imeuvimbisha ule ubao wa kinanda. Nikakuta foleni imefika kwenye choo cha ploti, kila mtu na kikaratasi chenye namba. Ndani kinanda kimefunikwa gazeti, juu ya gazeti mafaili. Mpiga kinanda amevaa tai.

"Fundi, una namba?" akaniuliza.

Haki ya Mungu, nilitaka kumtandika kwa randa. Na cha kusikitisha ni kwamba hakuwa mwizi, hakuchukua hata shilingi ya mtu. Alikuwa anaandika majina kwenye daftari, anatikisa kichwa polepole, anawaambia warudi kesho. Wala hakuna aliyemfundisha.

Baba yake alikuwa nje, kwenye kigoda chake, nyatiti imeegemea goti. Alikuwa amefika siku nne zilizopita. Mwanawe alimwambia angoje amalize na watu. Na mama aliyejitolea kugawa namba, asijue ni nani huyu, alikuwa amempa ishirini na tatu. Mzee alinionyesha kile kikaratasi bila kucheka.

Kisha, labda kwa kuchoka kungoja, akaanza kupiga. Pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikawa inagonga ubao wa nyatiti, na sauti mbovu ya mzee ikapanda polepole juu ya nyuzi. Foleni yote ikamgeukia. Mimi Mluhya, sikuelewa neno hata moja, lakini nilisimama pale na randa mkononi, macho yamenijaa machozi.

Mlango ukafunguka kidogo. Kijana akatoa kichwa, akasema kwa adabu kabisa, "Mzee, punguza kidogo. Kuna kazi ndani."

Mzee akapunguza hadi kimya. Akalegeza nyuzi moja moja, akaivisha nyatiti gunia, akaniuliza basi la kwenda nyumbani linapandiwa wapi. Nilimsihi angoje, nikamwambia mwanawe ataumia.

"Mimi nilikuja kwa mwanangu," akasema. "Huyu wa ofisi hatujuani."

Nilimsindikiza. Niliporudi nikamweleza kijana, naye akasema atamwita tena mwezi ujao, mambo yakipungua.

Mambo yalipungua wiki iliyofuata, watu walipogundua hakuna kitu. Lakini mzee hakuufikia huo mwezi. Kijana alipotoka kuzika alikuja moja kwa moja karakanani, akaketi kwenye maranda akalia. Nami nilikuwa na aibu yangu, maana meza ile iliwaita watu kwa ule ubao niliokataa kuukata. Aliniuliza kama naukumbuka wimbo. Nilijaribu. Nilikumbuka pete ikigonga, basi.

Tukaenda Kibera pamoja, nyumba kwa nyumba, kuwauliza waliokuwa kwenye foleni siku ile, kama kuna anayeweza kuuimba hata kipande. Wote walimkumbuka mzee. Walikumbuka na namba zao. Wa mwisho alikuwa mama muuza mkaa kule Silanga. Alifikiri kwa muda mrefu, amefumba macho. Kisha akasema yeye alikuwa wa saba, na akauliza fomu zitatoka lini.