Sumaku ya Sikio la Kushoto

Harufu ya lehemu kwa fundi simu hapa Vwawa hunifanya nipite haraka, kichwa chini.

Zamani, kaka yangu alirudi kutoka migodi ya Rhodesia akachonga gitaa la umeme. Lilikosa sumaku tu, ya kunasa sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye redio ili iikuze. Alikuwa na mbili. Moja ilitoka kwenye simu mbovu. Nyingine aliing'oa, pamoja na waya wake, upande wa kushoto wa visikilizio vya kuvaa masikioni vya Babu, ambaye baruti za mgodini zilimharibia masikio, na bila visikilizio hivyo hakuisikia redio.

"Chagua wewe, mwimbaji wa kanisani," kaka aliniambia.

Ya simu ilikwaruza. Ya Babu iliimba.

"Hii," nikasema. "Si amebakiwa na upande wa pili?"

Kaka akailehemu kwenye gitaa. Hatukujua kwamba umeme hupita upande mmoja ndipo ufike wa pili. Kesho yake nilivaa visikilizio kwa siri: kimya kote.

Jioni Babu alinivuta karibu. "Mjukuu wangu, redio ndiyo imenyamaza, au masikio yangu ndiyo yamekwisha kabisa?"

"Ni masikio, Babu."

Hakusikia. Nikarudia kwa kupaza sauti.