Nilimushinda Yaya kwa Manete ya Buluu

Adimini, ficha jina langu vizuri, maana huku Uvira watu wananijua kuliko wanavyojua ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, na kama kuna muntu ambaye Mungu alimupaka bahati mwili muzima, ni mimi. Masomo niliyaacha katikati ya sekondari lakini nimetembea: Bujumbura nimefika, Kalemie nimefika, Kigoma nimekula samaki yao nikawaambia yetu ni tamu zaidi. Kila ninachogusa kinakubali. Leo naendesha motere ya boti kubwa inayopakia bandarini Kalundu, na nafasi hiyo niliipata kwa kumushinda yaya wangu, kaka yangu mukubwa, mara moja tu kwenye muchezo wa televisheni.

Kwa wasioujua: huo muchezo umetoka matoleo mengi, na ndani ya kila toleo wameweka kamuchezo kamoja kadogo. Wapiganaji wawili wanasimama wanaangaliana. Kimya. Majani yanacheza na upepo. Halafu alama nyekundu inatokea, na mwenye kubonyeza wa kwanza anamuangusha mwenzake. Ukibonyeza mbele ya alama kutokea, umeshindwa palepale. Hakuna ufundi mwingine, ni mukono tu. Kwenye chumba chetu cha michezo, Nyamianda, ugomvi wote wa vijana unaishia humo: nani aombe musamaha, nani aende kuongea na baba ya binti.

Yaya ana miaka thelathini na moja. Kalundu boti ikikaribia wakamutupia kamba, alikuwa anaidaka huku anaongea na muntu mwingine, bila kuangalia. Mukono wa namna hiyo.

Mwaka jana mama yetu alianguka, akavunjika nyonga. Wajomba wakamupandisha kwao Lemera, kule milimani, akalazwa hospitali kule. Mama hakuzaa binti, ni sisi wawili tu, na baba hayuko tena. Lazima mumoja wetu apande akamulinde: kumupikia, kumuogesha, kumufulia. Wiki ileile mwenye ile boti kubwa akasema anatafuta muntu wa motere, mumoja kati yetu, kwa sababu wote wawili baba alitufundisha.

Yaya angesema tu, "Minye ni mukubwa, weye panda," ningepanda. Hakusema hivyo.

"Mudogo wangu, sitaki kesho useme nilikukandamiza kwa ukubwa. Twende Nyamianda. Mara moja tu. Mwenye kushindwa anapanda kwa mama."

Tulipoingia mule nikasema, "Yaya, utalia mbele ya watu!"

"Kwa mikono hiyo? Inachelewa hata kwenye sahani ya ugali!"

Chumba kizima kilicheka. Mimi pia.

Sasa sikieni. Pale kulikuwa na manete mbili, vile vishikio vya kubonyezea. Moja imefungwa utepe wa buluu. Siku chache mbele ya hiyo nilikuwa nimeimwagia soda, kitufe kikaanza kunata. Unabonyeza sasa, yenyewe inasikia baadaye. Niliifuta, nikanyamaza, nikiogopa kufukuzwa mule. Yaya alipokaa, nilimupa ile ya buluu kwa mikono miwili, kama muntu anayemuheshimu mukubwa wake.

Alama ikatoka. Niliona kidole chake kikishuka mbele ya changu. Niliona kwa macho haya. Lakini mupiganaji wake ndiye alianguka.

Yaya aliangalia mukono wake, akaugeuza juu na chini, kama anauuliza kitu. Kisha akanipa mukono huohuo. "Umenishinda. Nenda kwa boti. Na usizime motere karibu na mawe."

Alikaa Lemera miezi mine. Alifua vitenge vya mama kwenye bomba katikati ya wanawake, wakamupa jina Dada Mukubwa. Mimi huku nachekesha abiria: "Yaya wangu iko anajifunza kuwa bibi ya muntu!" Walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Mama ameshuka, anatembea na fimbo. Yaya sasa anabeba magunia Kalundu, palepale ninapopakia. Juzi walimutupia kamba, akasogea pembeni ili wengine waidake. Nikamuuliza, "Yaya, iko nini?"

"Mukono umeisha, mudogo. Si weye mwenyewe ulinionyesha kule Nyamianda? Kamba ikinipita, boti itamugonga muntu."

Ndugu zangu, mukono wake haujaisha! Nilitaka kumwambia. Nikawasha motere, nikaondoka.

Sasa dokta anataka mama arudi Lemera mwezi muzima kwa mazoezi ya muguu. Nilifikiri yaya atapanda tu bila kuuliza. Jana tukila, akasema mbele ya mama, "Tufanye haki tena. Jumapili, tukitoka ibada. Na ile ya buluu munipe tu, nimeshaizoea."

Mama akacheka. "Usijisumbue na huyu, nilimuzaa na bahati yake."

Nilinawa mikono, nikatoka inje.

Nimewaza nibonyeze mbele ya alama, nianguke, nipande Lemera, mambo yaishe kimya. Lakini yaya ataendelea kuogopa kamba, na mimi nitasifiwa kuwa mutoto mwema. Nikisema ukweli, kazi ya boti ni yake, na sijui kama ataniita mudogo wake tena. Na mama atajua nani alipaswa kumuogesha ile miezi yote, na nani alikuwa akichekesha watu.

Nishaurini, ninyi mulio wengi humu: niseme mezani mbele ya mama, au nimuite yaya peke yake? Jumapili si mbali.

Na yale ya juu, ya bahati mwili muzima, muyafute. Sina bahati yoyote. Sijawahi kumushinda yaya hata siku moja. Nilimupa manete mbovu, na nilijua.