Getini Kwake Msiba Haukuingia

Habari ya kifo chake niliipata nikiwa dukani hapa Mjimwema, nanunua sukari. Mwenye duka alinitazama kwa macho ya mtu anayetaka kuwa wa kwanza kusema, akaniuliza kama nimesikia. Nilipomwambia sijasikia lolote, akashusha sauti: "Mkuu ametutoka alfajiri. Presha." Sikuhitaji kuuliza Mkuu yupi. Songea ina wakuu wengi, wa ofisi na wa vyuo, lakini ukilitaja neno hilo peke yake watu wanajua unamsema mwenye ile shule ya bweni ya wasichana iliyo nje kidogo ya mji, mtu aliyeianzisha, akaimiliki na akaiongoza mwenyewe hadi siku alipopelekwa hospitali. Wasomaji wangu wa siku nyingi watakumbuka kwamba nimewahi kumgusa katika safu hii, bila kumtaja jina kama ilivyo desturi yangu, na kila nilipomgusa alinipigia simu. Hakunitukana. Alinialika chai, tukabishana mpaka chai ikapoa, kisha akanisindikiza hadi barabarani. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wanaofahamiana, wanaopeana mkono baada ya misa na kuulizana habari za mahindi, lakini siku ile nilirudi nyumbani bila sukari, nikiwa nimeiacha juu ya kaunta.

Nitamsema alivyokuwa, maana kusifia marehemu hadi asitambulike nako ni kumkosea. Alikuwa mchapakazi wa kutisha. Alfajiri alikuwa bwenini na tochi, mchana jikoni akionja maharage, jioni darasani. Mabinti wa wakulima wa Maposeni, wa Namtumbo na wa Tunduru walitoka kwake wakawa madaktari na wahandisi, na hilo hakuna wa kumpokonya. Lakini alikuwa na sheria moja iliyogawa mji huu katikati. Binti akishaingia kidato cha nne, habari ya msiba wa nyumbani haimfikii mpaka amalize mtihani wa mwisho. Afe baba, afe mama, afe pacha wake, familia itapiga simu shuleni, uongozi utapokea taarifa na kutoa pole, marehemu atazikwa, na binti ataendelea na hesabu zake. Wazazi waliikubali sheria hiyo kwa kunyoosha mikono kwenye kikao cha kwanza cha mwaka, wakiwa wote wazima na hakuna aliyetegemea kufa. Tena tusiwe wanafiki: wengine waliishangilia. Kuna familia zilizofiwa ambazo kabla hata ya kuuliza jeneza zilikuwa zimeshapiga simu shuleni kuomba mtoto asiambiwe.

Siku moja, kwenye chai zetu zile, nilimuuliza aliitoa wapi sheria ngumu namna ile. Alizungusha kikombe, kisha akanieleza kwamba yeye mwenyewe alifiwa na baba akiwa mtahiniwa. Mjomba wake alikuja na baiskeli kumchukua, akaenda kuzika, akakaa matanga, aliporudi mitihani ilikuwa imekwisha. Akaangukia kwenye mashamba ya tumbaku Namtumbo, na ilimchukua miaka mingi ya kuungaunga kabla hajashika tena chaki. "Mwandishi," aliniambia, "baba alikuwa amekufa tayari. Kwenda kwangu hakukumfufua. Mimi ndiye niliyezikwa pamoja naye. Sitaki mtoto wa mtu yeyote azikwe na marehemu wake." Nilitafuta la kumjibu nikakosa. Mtu anayekosea kwa sababu ya kidonda chake ni mgumu kumgombeza, maana kila unachosema unakuwa kama unakigusa.

Aliyepata la kumjibu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa muuguzi hapa mjini. Kwa kuwa alifaulu vizuri, uongozi wa shule ulimwalika kwenye mahafali ili awape nasaha wadogo zake. Nilikuwepo. Alisimama, akashukuru walimu, kisha akasema yeye alijua kwamba mama yake amekufa kwa kuona kitenge. Alikuwa ameshuka stendi baada ya mtihani wa mwisho, sanduku mkononi, amejaa furaha, akamwona mama yake mdogo amekuja kumpokea akiwa amevaa kile kitenge cha kijani ambacho mama yake alikuwa haazimishi hata kwa dada zake. Kwetu huku nguo za marehemu hugawiwa ndugu, na binti yule hakuwa mgeni wa mila. "Sikuuliza kitu," alisema. "Nilikaa chini pale pale stendi, juu ya sanduku langu. Kaburi lilikuwa limeshaota majani." Hapo kipaza sauti kikazimwa. Mkuu mwenyewe hakukizima, alikuwa ameinamisha kichwa. Ni mtu wa kamati ya mahafali aliyechomoa waya. Lakini Mkuu hakumkemea aliyechomoa, na mwaka uliofuata wanafunzi wa zamani hawakualikwa tena.

Basi ndipo maneno yakaanza kweli. Wanafunzi wa zamani na wazazi wakafungua kundi lao la wasapu, na kila siku lilipata mwenye kisa chake. Baba mmoja aliandika kwamba alimzika mkewe, na siku ya kutembelea watoto akaenda shuleni na kuku wa kukaanga, akakaa kwenye nyasi na binti yake, binti akamuuliza mbona mama hakuja, naye akajibu mama ana kazi nyingi shambani. Alisema alitafuna ile nyama kama anatafuna udongo. Walitaka jambo moja tu: sheria ifutwe, kila familia iachiwe kuamua, na mtoto aliyefiwa apewe nafasi ya kulia. Uongozi wa shule ukajibu kwamba hao ni watu wenye wivu, wanaotaka kuibomoa shule iliyowalea. Mimi niliandika humu kwamba pande zote mbili zinapiga kelele mno, nikajiona nimesema jambo la hekima. Wasomaji kadhaa waliniambia nimekalia uzio, nami nilikasirika, kama anavyokasirika mtu aliyeambiwa kweli.

Sasa turudi kwenye msiba. Nilipofika nyumbani kwa marehemu, turubai lilikuwa limeshafungwa, akina mama wa jumuiya wako mekoni, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wakizungumza kwa sauti za chini. Nilidhani wanajadili safari ya maziko, ambayo ilikuwa Jumamosi kijijini kwao, upande wa Maposeni. Kumbe walikuwa wanajadili jambo jingine. Kitindamimba wa marehemu, binti yake aliyempenda kuliko wote, alikuwa kidato cha nne, katika shule ile ile ya baba yake, katikati ya mitihani. Mji mzima ulikuwa unajua kwamba Mkuu amekufa. Asiyejua alikuwa yeye. Makamu mkuu wa shule alikuwa ameshawatangazia wanafunzi kwamba Mkuu yuko safarini, na geti limefungwa.

Yule muuguzi naye alikuja. Watu waliguna walipomwona, wengine wakadhani amekuja kusuta. Alifunga kanga kiunoni, akaenda kuchota maji kama wenzake, kisha akaingia ndani kwa mjane. Baada ya muda niliitwa. Mjane alikuwa amekaa mkekani, macho yamevimba, pembeni yake muuguzi, na mbele yake mdogo wake marehemu, mzee mwenye msimamo, aliyekuwa ndiye msemaji wa familia.

"Mwandishi, nisaidie," mzee alinidaka kabla sijakaa. "Shemeji anataka mtoto aambiwe. Jumatatu ana Fizikia! Kaka angekuwa hai angekubali? Sheria ni yake mwenyewe. Tukiivunja leo, si tutakuwa tumemwaibisha?"

"Kaka yako hayupo," mjane alisema. "Mimi nipo. Nani atakayemtazama mtoto usoni Desemba, wewe au mimi?"

"Shemeji, wengine mbona walivumilia?"

"Nawajua hao wengine. Walikuwa wanakuja hapa kumsalimia Mkuu wao, mimi nawapa chai na mkate. Mimi najua wamefiwa, wao hawajui. Wananiambia, mama, nikifika nyumbani nitamwonyesha baba cheti. Nikawa naenda jikoni kujifanya natafuta sukari." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Nimechoka."

Mzee alinigeukia. Niliwaambia nilichokuwa nimekiona kwa muda mrefu bila kukisema wazi: kwamba sheria aliyoitunga mtu kwa watoto wa wenzake ndiyo hupimwa ikifika kwa mtoto wake, na kwamba kama tunaona ni ukatili kwa huyu, basi ulikuwa ukatili kwa wale wote. Mzee hakufurahi. Lakini mjane alikuwa ameshaamua. Kwa mila yeye hawezi kutoka mkekani, kwa hiyo akatutuma sisi watatu. Akamshika muuguzi mkono. "Nenda wewe, mwanangu. Wewe ndiye unayejua namna ya kulisema."

Tulifika shuleni mchana, watahiniwa wameshatoka kwenye chumba cha mtihani. Makamu alitupokea kwa heshima, akamwamkia mzee shikamoo, lakini alipomtambua muuguzi alibadilika. Alisema anaomba atueleze kwamba utaratibu wa shule haujabadilika. Mzee, ambaye njia nzima alikuwa amenuna, alijibu kwa namna iliyonishangaza: "Mama mzazi ndiye aliyetutuma. Kamlete mtoto." Makamu akamtuma mwalimu wa zamu.

Binti alikuja, lakini hakuja peke yake. Shule za bweni ndivyo zilivyo, mwenzako akiitwa ofisini ghafla unamsindikiza. Rafiki yake alikuwa amemshika mkono, na mlangoni akasema, "Mwalimu, samahani, anaogopa kuingia mwenyewe." Nikamwona Makamu akiduwaa, anamtazama yule rafiki, si mtoto wa Mkuu. Lakini muuguzi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya binti. Hakuzunguka. Alimwambia, "Mdogo wangu, baba amefariki. Hajazikwa. Tumekuja kukuchukua ukamzike." Sitaelezea kilio kile. Yule rafiki ndiye aliyemkumbatia, akamketisha kwenye benchi, akawa anamfuta machozi kwa mkono wa sweta lake na kumwambia, "Pole, pole jamani, mimi nipo, nitakuandikia nukuu zote za Fizikia."

Makamu alinivuta hadi dirishani, pamoja na muuguzi. "Huyu rafiki yake," alisema kwa sauti ya chini, "kwao ni Tunduru. Baba yake amezikwa mwezi uliopita. Familia yenyewe ndiyo iliyoomba tusimwambie."

Muuguzi akamwambia, "Si yangu kumwambia, wala si yako. Mpigie mama yake." Makamu alinong'ona kuhusu utaratibu, akamtazama mzee, na mzee, mdogo wa mtu aliyeutunga utaratibu huo, akatikisa kichwa kumkubalia apige. Simu ilipokelewa upesi. Makamu alieleza kwa kifupi kilichotokea ofisini. Tukasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Nipe mwanangu. Kila Jumapili namdanganya, siwezi tena." Makamu akamnyooshea yule rafiki simu. Rafiki aliachia bega la mwenzake kidogo, akaipokea kwa mikono miwili, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Shikamoo mama! Baba hajambo?"

Wote wawili walikwenda kwa baba zao, mmoja kuzika Maposeni Jumamosi, mwingine kwenye kaburi lililokwishafukiwa Tunduru, ambako shehe alimsubiri pamoja na familia ili dua isomwe naye akiwepo. Wote wawili walirudi kumalizia mitihani. Wasomaji mtaniuliza wamefaulu au la, nami sijui, na nimejizuia kuuliza, kwa sababu nikiuliza nitakuwa nimerudi kwenye kipimo kile kile kilichotufikisha hapa. Mkuu alikuwa mtu mwema aliyeogopa jambo moja kiasi kwamba hakuweza kuona kwamba mtoto naye ni mfiwa. Sisi wengine hatukuwa na kidonda chake, lakini tulinyoosha mikono. Naomba kikao kijacho cha wazazi, uongozi mpya utakaposimama kuisoma sheria hii, na najua wapo wanaotaka ibaki, kila mzazi kabla hajanyoosha mkono amtazame binti yake na ajiulize ni nani atakayepokea simu siku atakayokufa yeye.