Gunia la Tatu la Mwamvita

Mwaka 1983 nilikuwa nimepanga chumba kwa fundi cherehani Hamduni, mtaa wa Mwisenge, Musoma, na kila asubuhi nilipiga chafya kabla sijanawa uso. Mkewe, Mwamvita, alikuwa anauza pilipili kichaa, zile ndogo zinazoota zenyewe kwenye mawe. Jua likitoka tu, alizianika uani juu ya mkeka.

Hakuwahi kupanda hata shina moja. Alidandia lori mpaka Bunda kwa rafiki yake Boke, wakakwea milimani pamoja kuchuma.

"Hizi kapanda ndege," aliniambia. "Za bustanini zinawashaga mdomo tu. Hizi zinafika mpaka masikioni."

Wakati huo mafuta ya kula yalikuwa hadithi, na chumvi ya kubahatisha. Watu walichemsha samaki kwa maji matupu, na kilichofanya ugali ushuke ni pilipili ya Mwamvita. Wengine waliichoma ndani ya nyumba kufukuza nyoka. Walikuja mpaka watu wa Butiama kutafuta dawa ya kuku wao. Wote walimwamini, maana hakuchanganya pilipili yake na takataka.

Taabu kubwa ilikuwa sabuni. Mwamvita alifua kwa majani ya mpapai. Binti yake mdogo, Mwanaupe, wa miaka minne, alikuwa na upele mpaka katikati ya vidole. Nilimsikia akilia kila alipoogeshwa.

Ndipo ukaja msako wa wahujumu uchumi, yaani waliolangua na kuficha bidhaa. Watu walitupa bidhaa vichakani na ziwani. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mgambo wakabisha hodi kwetu pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Wanzagi. Aliyewaongoza aliitwa Machage, kijana wa mtaa wetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tafuteni tu. Nyumba hii haina cha kuficha."

Walipekua chumba chao, wakapekua na changu. Hamduni hakuinuka kwenye cherehani yake. Katika stoo wakakuta magunia matatu.

"Humu mna nini?" Machage aliuliza.

"Pilipili kavu. Ingiza mkono, mwanangu. Wallahi, ukikuta kingine nifunge mimi."

Machage hakuthubutu kuingiza mkono. Alichukua ufito akachoma gunia la kwanza, kisha la pili. Katika la tatu ufito ukagonga kitu kigumu. Wakalikokota mpaka uani wakalipindua. Vumbi jekundu liliruka, tukakohoa sote, macho yakatoka machozi. Nilipoweza kuona tena, miche ya sabuni ilikuwa imetapakaa kwenye mkeka, mipya, imefungwa nailoni.

Mwamvita aliokota mche mmoja, akauchana nailoni, akaunusa.

"Hii imetoka wapi?"

"Wewe ndiye utuambie, mama," Machage alisema.

"Mama Mwanaupe," mzee Wanzagi alisema, "umeapa sasa hivi mbele yangu."

Mwamvita akageuka kumtazama mumewe. Hamduni alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha gurudumu la cherehani, na chini ya sindano hakukuwa na nguo. Mkewe akapelekwa polisi kwa miguu, kanga imeteleza mabegani.

Mpaka adhuhuri Hamduni alikuwa palepale.

"Sabuni nilikuwa nabadilishana na nyuzi," alisema bila kuulizwa. "Bila uzi tungekula nini?"

"Sasa si ukaseme, fundi?" nilimwambia.

Alasiri alikwenda, nami nikamfuata. Kituoni alisema sabuni ni zake, mkewe hajui lolote. Wakamtoa Mwamvita. Hakushukuru wala hakulia. Aliuliza tu, "Tangu lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza mtoto hana hata kipele kimoja. Hukunipa hata kipande?"

"Sabuni inanukaga, mke wangu. Ungemwogesha nayo, majirani wangejua."

Mwamvita alikaa chini, palepale kwenye sakafu ya kituo. Nilimshika mkono tukarudi nyumbani.

Hamduni alikaa ndani miezi saba. Pilipili za gunia lile Mwamvita hakuziuza, alizichimbia shimo. Wateja wengine walimkimbia, wakiamini alijua. Machage alikuja kununua wiki iliyofuata, akasimama mlangoni, akalipa huku anatazama chini.

Mumewe alipotoka, amekonda, Mwamvita alimpikia, akaitikia salamu yake, kisha akahamishia kitanda chake chumba cha watoto. Mwaka wa 1986, maduka yalipoanza kujaa vitu tena, alihamia Bunda na watoto, akapata meza sokoni karibu na Boke. Hamduni alibaki na cherehani yake Mwisenge. Kila Idi alikwenda kuwaona, na Mwamvita alimpokea kama mgeni, kwa maji ya kunawa na mkeka mzuri.

Nilipita mezani pake mwaka mmoja, nikamuuliza kama bado ana hasira na fundi.

"Hasira ilishaisha," alisema, akinipimia pilipili. "Nilishtuka, baba. Mpaka leo moyo haujarudi mahali pake."